Pantoni: ni chombo au ni daraja? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kisumu, na karibu kila mwisho wa mwezi huvuka Ziwa Victoria kutoka Luanda K'Otieno kwenda Mbita kuwaona wazee. Pale kwenye benchi la kusubiri, mtu akishajua kazi yangu, haniulizi habari za methali wala ushairi. Ananiuliza kuhusu kile chombo kinachokuja: "Mwalimu, hiki tunaita feri, kitabuni kimeandikwa pantoni, na shemeji yangu fundi anasema pantoni ni yale mapipa ya chini ya daraja. Nani mkweli?" Nimejibu mara nyingi hata nikaona afadhali niyaandike.

Basi, pantoni ni nini?

Ni kitu chenye tumbo tupu na sehemu ya chini iliyo bapa, kinachoelea na kubeba mzigo juu yake. Kikitembea kikiwa na watu na magari, ni chombo cha kuvukia. Kikitiwa nanga mahali pamoja na kupangwa na wenzake safu moja, kisha mbao au vyuma vikalazwa juu, ni daraja. Kikifungwa chini ya ndege ili itue majini, ni mguu wa ndege. Kote huko jina ni lile lile, kwa hiyo mwenye kitabu na fundi wote ni wakweli.

Kwa nini sisi tunasema feri na Watanzania wanasema pantoni?

Ni mazoea tu. Kenya nzima imefuata Likoni, na Likoni ni feri. Dar es Salaam, ukienda Magogoni kuvuka kwenda Kigamboni, utasikia "pantoni imeharibika" mara nyingi kuliko "kivuko kimeharibika", ingawa serikali yao hupenda kuandika kivuko. Hapa kwetu pantoni hulisikii sana mdomoni ila kwa mafundi wa kuchomelea na wafugaji wa samaki wa vizimba, na kwao maana yake si chombo cha kuvukia, ni kile kinachoelea.

Neno lenyewe lilizaliwa wapi?

Hapa ndipo penye utamu, vumilia kidogo.

Kiswahili kimelitoa kwa Kiingereza, "pontoon". Waingereza walilichukua kwa Wafaransa karne ya 17, na Wafaransa husema "ponton". Wakati huo Waingereza walikuwa na tabia: neno la Kifaransa linaloishia kwa -on wakilivuta mwisho wake likawa -oon. Kwenye lango hilo hilo yalipita maneno ambayo leo kwetu ni katuni, saluni na platuni. Pantoni lilikataa kufuata wenzake, likafika kwetu na -oni yake.

Nyuma ya Kifaransa kuna Kilatini, "ponto", mashua yenye chini bapa. Na "ponto" limeshikana na "pons", yaani daraja, ambalo mtoto yeyote aliyesoma Kifaransa atalitambua katika "pont" na aliyesikia Kireno atalitambua katika "ponte".

Sasa angalia. Julius Caesar, jemadari wa Roma, akisimulia vita vyake dhidi ya mpinzani wake Pompeius, anataja pontones zilizoachwa kwenye bandari ya Lissus, huko ambako leo ni Albania, na anamfafanulia msomaji kwamba hizo ni aina ya meli za Wagallia, watu wa Ufaransa ya kale. Meli, si daraja! Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita mwandishi aliona lazima asimame kidogo aeleze neno hili, kama ninavyosimamishwa mimi Luanda K'Otieno.

Tukizidi kurudi nyuma, wanaisimu wanalihusisha "pons" na shina la kale lenye maana ya kukanyaga, kupita njia. Shina hilo liliwapa Warusi "put", njia. Wagiriki liliwapa "pontos", na kwao pontos ni bahari. Mtu wa bara akiangalia maji anaona mwisho wa njia. Mgiriki aliona njia yenyewe. Wakazi wa visiwani, Rusinga na Mfangano, sidhani wangemshangaa.

Kwa hiyo anayeuliza kama pantoni kwa asili ni chombo au daraja anatenganisha vitu ambavyo neno lenyewe halijawahi kutenganisha. Lilianza likiwa njia, na njia ya majini ama unaipanda ikusogeze, ama inatulia wewe usogee.

Je, halikutoka kwa Wareno kama meza na leso?

Hapana. Wareno wana "pontão", na ni kweli walikaa pwani yetu kwa muda mrefu, lakini kamusi za Kiswahili zinaliweka pantoni kwenye fungu la Kiingereza, pamoja na stima na injini.

Na Papa wa Roma anaingiaje hapa?

Swali hili huulizwa na wanafunzi wa seminari, na nalipenda. Moja ya majina ya heshima ya Papa ni "Pontifex Maximus", cheo alichokirithi kutoka kwa makuhani wakuu wa Roma ya kipagani. Varro, msomi wa Kirumi, alieleza kwamba "pontifex" ni mjenga daraja, kwa kuwa makuhani hao ndio waliosimamia daraja la mbao la mto Tiber. Kwa hiyo pantoni na Papa wana babu mmoja. Usilitumie katika mahubiri kabla ya kumwuliza padri wako.

Kuna mchezo wa karata unaoitwa pontoon. Ni undugu?

Hakuna undugu. Ule ni mchezo wa kutafuta 21, na jina lake inaaminika ni "vingt-et-un" ya Kifaransa, ishirini na moja, iliyopondwapondwa midomoni mwa Waingereza hadi ikafanana na pantoni.

Nani alianza kupanga mashua zikawa daraja?

Habari maarufu kuliko zote ni za Waajemi, na msimulizi wake ni Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki. Mfalme Dario alivusha jeshi lake mlango-bahari wa Bosphorus kwa daraja la mashua lililobuniwa na Mgiriki mmoja, Mandrocles wa Samos. Mwanawe Xerxes, mwaka 480 kabla ya Kristo, alitaka kuvuka Hellespont, mlango-bahari mwingine wa huko Uturuki ya leo, kuwavamia Wagiriki. Madaraja ya kwanza yalipigwa na dhoruba yakakatika. Xerxes akaamuru bahari ichapwe viboko 300 na kutupiwa pingu, na wasimamizi wa kazi wakakatwa vichwa. Bahari, bila shaka, haikusikia lolote. Walioumia ni mafundi.

Mara ya pili walipanga meli 360 upande mmoja na 314 upande wa pili, yakapatikana madaraja mawili. Meli zilitiwa nanga, kisha kamba nene zikavutwa kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Kamba nyingine zilikuwa za kitani, nyingine za mafunjo, yale yale yanayoota kwenye kinamasi cha Dunga, hapa Kisumu, na kusukwa mikeka. Juu ya kamba zikapangwa mbao, juu ya mbao matawi, juu ya matawi udongo ulioshindiliwa. Na kando kote wakainua kuta ili wanyama wa mizigo na farasi wasiyaone maji wakaingiwa na hofu.

Hilo la kuta hunifurahisha kila nikivuka na wafanyabiashara wa mbuzi. Mbuzi akisimamishwa katikati ya magari hutulia. Akiwekwa pembeni ambako anaona mawimbi, hapana raha kwake wala kwa abiria aliye karibu naye.

Kiswahili hakikuwa na maneno yake kabla ya pantoni?

Kilikuwa nayo, tena mazuri, na nasikitika tunayaacha.

Kuna *chelezo*, kutokana na kuelea: kitu kinachoelesha kingine. Kamusi zinalipa maana ya boya au magogo yaliyofungwa pamoja. Mwanza wanalitumia leo kwa mahali pa kuundia na kutengenezea meli, ambapo chombo hupandishwa na kushushwa majini. Kama ningekuwa na mamlaka, mapipa ya chini ya daraja yangeitwa machelezo na tungemaliza ubishi.

Kuna *ulalo*, gogo lililolazwa juu ya mto, na *mtatago*, mti au kamba ya kuvukia, pamoja na kitenzi chake, kutataga: kuvuka juu ya gogo kwa uangalifu, mguu mbele ya mguu. Waliokulia kando ya Yala au Isiukhu wamewahi kutataga msimu wa mvua hata kama neno hawalijui.

*Daraja* tunaloliona letu kabisa limetoka Uarabuni, na kule maana yake ni ngazi, kidato, cheo. Mwarabu daraja la kuvukia huliita "jisr". Sisi tulilichukua daraja tukalilaza juu ya mto, na maana ya cheo hatukuitupa, ndiyo maana twasema hakimu wa daraja la kwanza.

Halafu kuna *kivuko*. Tazama lilivyo: kivuko ni mahali pa kuvukia, na kivuko ni chombo cha kuvukia. "Tukutane kivukoni" na "kivuko kimejaa" ni neno moja. Hakuna Mlatini aliyetufundisha hivyo. Hata feri imefuata mkondo huo, kwa maana konda wa Mombasa akiita "Feri! Feri!" anakuita mahali, si chombo.

Chuma kizito kinaeleaje?

Kwa kusukuma maji kando. Kila lita moja ya maji inayosukumwa inabeba kilo moja. Pipa la lita 200 lililofungwa vizuri, ukilizamisha lote, linabebwa kwa nguvu ya kilo 200. Toa uzito wa pipa lenyewe, takribani kilo 20 likiwa la chuma, unabaki na kilo 180. Fundi mwenye akili hatumii zote. Anapigia hesabu nusu, kwa sababu ya mawimbi na kwa sababu ya wageni wasioalikwa.

Pantoni kubwa ni hesabu hiyo hiyo. Tuseme ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 4. Ili izame sentimita 1 zaidi, ni lazima iongezewe kilo 400. Matatu ya abiria 14 ikiwa na watu wake ni kama tani 3, basi ikipanda, pantoni inashuka sentimita 7 na nusu. Siku nyingine usikimbilie kiti. Simama karibu na ukingo uangalie mstari wa maji wakati lori la kreti za soda linapanda. Utaiona hesabu kwa macho.

Dunga niliwahi kualikwa kuona jukwaa la vizimba vya samaki lililokuwa limeinama upande mmoja. Mwenyewe alishalaumu upepo, akalaumu kamba, akamlaumu na mlinzi. Akaja fundi na spana. Hakusema kitu, alitambaa juu ya mbao akigonga pipa moja moja na kutega sikio. Ndo. Ndo. Ndo. Alipofika la sita likajibu *du*, zito kama mtungi uliojaa. Kizibo chake kilikuwa kimelegea na ziwa lilikuwa limehamia ndani. Walilifungua, wakalimwaga, wakatia raba mpya chini ya kizibo, na jukwaa likanyooka kabla chai haijaiva.

Kwa nini chini iwe bapa? Mbona mashua zetu za sese zina mkuku?

Mkuku, ule uti wa chini wa mashua, hukata maji na kuifanya ishike njia, jambo zuri kwa mvuvi anayekwenda mbali usiku. Lakini mashua ya mkuku haifiki ufukweni kabisa, ndiyo maana abiria hubebwa mgongoni na vijana. Chini bapa hukaribia nchi kavu, mlango wa chuma ukashushwa, gari likapanda bila kulowa. Tena upana hutuliza: weka beseni na chupa iliyolala ndani ya karai la maji, uviguse vyote viwili pembeni. Chupa itabiringika, beseni litakataa.

Ila beseni linakataa hadi kikomo fulani tu. Likishainama kiasi cha maji kuuvuka ukingo, halirudi. Chombo kipana kinaweza kuwadanganya watu wake kwa utulivu huo, wakaongeza mzigo na kuongeza tena. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania wa ziwa hili hili letu, kikiwa kimebeba kupita kiasi na kikiwa kimebakiza hatua chache kutia nanga. Zaidi ya watu 200 walikufa. Kwa hiyo mabaharia wakipiga kelele "kaeni mahali penu!" wakati abiria wote wanakimbilia mlangoni ili washuke kwanza, tafadhali kaa.

Lile daraja la Liwatoni, Mombasa, lilikuwa pantoni?

Ndiyo, na ndilo lililowafanya Wakenya wengi walijue neno hili. Lilifunguliwa Desemba 2020, wakati wa korona, ili wanaokwenda kwa miguu wasibanane kwenye feri ya Likoni. Urefu wake ulikuwa mita 824, likiwa limekalia maboya makubwa, na sehemu ya katikati ilifunguka ili kupisha meli. Huo ndio udhaifu wa kila daraja linaloelea mahali penye bandari: meli ikipita, njia imekatika, na watu wanangoja vile vile walivyokuwa wakiingoja feri.

Daraja linaloelea linaweza kuzama?

Linaweza, na limewahi. Karibu na Seattle, Marekani, ziwa Washington lina kina kirefu na matope laini chini, kwa hiyo nguzo ni taabu kusimamisha. Wakajenga madaraja yanayokalia pantoni za zege. Naam, zege, kama tumbo ni tupu, zege huelea. Moja liliitwa Lacey V. Murrow, na lilifunguliwa mwaka 1940. Novemba 1990 likiwa linakarabatiwa, vyumba vya ndani vya pantoni viliachwa wazi, dhoruba ikaja, maji yakaingia, na tarehe 25 kipande kikubwa kikaenda chini. Hakikuangushwa na uzito wa magari. Ni kama lile pipa la sita la Dunga.

Hawakukata tamaa. Mwaka 2016 kwenye ziwa hilo hilo walifungua jingine, lenye urefu wa mita 2,350 hivi kwa sehemu inayoelea, refu kuliko yote ya aina yake duniani.

Basi tujenge moja kutoka Luanda K'Otieno hadi Mbita!

Kila safari lazima mtu aseme hivi, kwa kawaida feri ikiwa imechelewa. Mimi sipendekezi. Mlango ule wa ghuba ndio njia ya kila chombo kinachotoka Kisumu kwenda ziwa kuu. Ungefungua daraja mara ngapi kwa siku? Halafu kuna gugu maji. Linasafiri kwa visiwa vizima vikisukumwa na upepo, na safu ya pantoni kutoka ng'ambo hadi ng'ambo ingekuwa uzio wa kulikusanya. Uzito wa majani mabichi yaliyoegemea daraja usiku kucha si wa kuchezea.

Tayari tuna somo letu la karibu. Kati ya Mbita na Rusinga palijazwa mawe na udongo miaka ya 1980, watu wakavuka kwa miguu wakashangilia, lakini maji yakakosa pa kupita na wavuvi wakalalamika miaka mingi. Baadaye njia ile ilifunguliwa na kuwekwa daraja halisi, na maji yanapita chini yake.

Bandari ya Kisumu ina pantoni?

MV Uhuru, ile inayobeba mabehewa ya treni, si pantoni. Ni meli kamili, iliyoletwa kwa vipande kutoka Scotland miaka ya 1960 ikaunganishwa hapa hapa, na ikarudi kazini mwishoni mwa 2019 baada ya kulala muda mrefu. Cha kutazama ni pale inapokutana na nchi kavu. Reli haiwezi kuruka pengo, kwa hiyo kuna kipande cha daraja chenye bawaba upande wa gatini, na upande wa pili hupanda na kushuka kulingana na maji na meli. Behewa zito likiingia, meli inadidimia kidogo na daraja linaifuata.

Thamani ya vitu vinavyofuata maji tuliiona mwaka 2020, ziwa lilipopanda hadi kukipita kidogo kiwango cha rekodi cha 1964. Gati za zege na mawe kwenye fuo nyingi zilimezwa, hoteli zikaingiliwa hadi jikoni. Majukwaa yaliyokaa juu ya mapipa yalipanda na maji, yakadai kamba ndefu zaidi tu.

Ngeli yake ni ipi? Na niandike pontuni au pantoni?

Andika pantoni. Ngeli ni I-/ZI-: pantoni imefika, pantoni zimefika. "Mapantoni" utayasikia gatini na sitamsahihisha anayeyasema akiwa amebeba gunia, lakini kwenye insha nitayapigia mstari mwekundu.